Imamu Ghazali na mizani isiyo na mwenyewe

Ndugu msomaji, mwaka mmoja, wala si zamani sana, mimi na kaka yangu tulisali Idi siku mbili mbalimbali. Nyumba zetu zimetengwa na ukuta mmoja tu, hapa Mji wa Kale, Mombasa, na ukuta wenyewe ni ule ambao mtu akikohoa huku, wa huko humwombea afya. Siku kaka yangu alipokuwa akileta takbiri, na wanawe wamevaa nguo mpya, mimi nilikuwa nimefunga, na harufu ya pilau yao ikiniingilia dirishani. Kesho yake nikasali mimi, naye akapita mlangoni pangu akienda zake kazini kama siku yoyote. Yeye aliufuata mwezi ulioonekana nchi nyingine. Mimi nilingojea uonekane kwetu.

Jioni barazani, kahawa ikizunguka, tuliulizwa sababu. Kila mmoja akatoa zake, sauti zikapanda, na watu wakaanza kugawanyika, hawa upande wangu na hawa upande wake. Nilipoona hali inaharibika nilitaka kuuzima moto, nikasema kuwa kila mtu ana mantiki yake, basi na tuachane. Nilidhani nimesema neno la hekima. Lakini palikuwa na mzee mmoja ambaye alimjua sana marehemu baba yetu, naye akaweka kikombe chini, akaniuliza kama dukani kwa baba kila mteja alikuwa akija na mizani yake. Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani, na usiku ule sikulala mapema.

Baba yetu aliuza mchele na viungo. Mizani yake ilikuwa ya vitanga viwili, imetundikwa kwa mnyororo darini, na mawe yake ya chuma yamepangwa kuanzia kubwa hadi dogo. Nakumbuka siku moja alikuja mama mmoja akanung'unika kuwa amepunjwa. Baba hakuapa wala hakukasirika. Alichofanya ni kubadilisha tu. Mchele akauhamishia kitanga kilichokuwa na mawe, na mawe akayatia kilichokuwa na mchele. Vitanga vikakaa sawa kama mwanzo, na yule mama akachukua kikapu chake akaenda. Nilikuwa mtoto, lakini nilifahamu kuwa mizani ya haki haijui upande wa muuzaji wala wa mnunuzi.

Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa mtu ambaye jina lake husikika misikitini mwetu tangu utotoni, na kitabu chake cha Ihyaa hutajwa na masheikh wetu mara kwa mara, lakini wengi wetu hatujui kuwa aliwahi kusumbuliwa na suala hili hili mpaka likamwangusha kitandani. Huyo ni Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, Mola amrehemu, aliyepewa jina la Hujjatul Islam.

MTOTO YATIMA WA TUS

Imamu Ghazali alizaliwa katika mji wa Tus, nchi ya Khurasani, ambayo leo ni upande wa mashariki ya Iran, karibu na mji wa Mashhad. Mwaka unaotajwa na wengi ni 450 Hijria, sawa na 1058 Miladi. Husimuliwa kuwa baba yake alikuwa maskini aliyesokota sufi na kuiuza, mtu mwenye kupenda kuketi na wanazuoni ingawa mwenyewe hakusoma. Alipohisi mauti yamemkaribia, aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja aliyekuwa mcha Mungu, pamoja na akiba kidogo, awasomeshe.

Akiba ile ilikwisha upesi. Yule rafiki naye alikuwa fukara, akawashauri waingie madrasa ambapo wanafunzi walipewa chakula na malazi. Baadaye sana Imamu alikuwa akikiri bila kuficha kwamba wao waliitafuta elimu kwa ajili ya tumbo, lakini elimu yenyewe ikakataa isipokuwa iwe kwa ajili ya Mungu. Tulishike neno hili, maana litarudi.

Kisa kingine cha ujana wake husimuliwa katika tarehe zake. Alikwenda kusoma Jurjan, na alipokuwa akirudi kwao msafara ukavamiwa na wanyang'anyi. Kila kitu kilichukuliwa, pamoja na mfuko uliokuwa na karatasi alizoandika darasani. Kijana akamfuata mkuu wa wezi akimsihi amrudishie karatasi zile, kwani ndizo elimu yake yote. Yule jambazi akacheka, akamshangaa mtu anayedai kuwa na elimu inayoweza kuibwa mfukoni. Akamrudishia. Ghazali alifika Tus akakaa miaka mitatu akihifadhi kila alichokiandika.

Kisa hiki hupendwa na walimu kwa ajili ya kuwahimiza watoto wahifadhi. Mimi nakiona na upande wa pili. Somo lile lilitoka kinywani mwa mwizi, na Ghazali alilikubali. Hakusema kuwa neno la mwizi ni la mwizi. Alilipima neno lenyewe, akaona ni kweli.

NISHAPUR NA BAGHDAD

Kutoka hapo alikwenda Nishapur kusoma kwa Imamu al-Haramayn al-Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, haya tunayoyafuata wengi wetu hapa pwani. Alisoma fikihi, usuli, elimu ya tauhidi na mantiki. Mwalimu wake alipofariki mwaka 478 Hijria (1085), Ghazali alikwenda kambini kwa Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa masultani wa Kiseljuki, ambako wanazuoni walikuwa wakikusanyika kujadiliana. Kijana yule aliwashinda wengi kwa hoja, na mwaka 484 Hijria (1091) waziri akamtuma Baghdad kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiya. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu tu, na mwenyewe ametaja kuwa alikuwa akisomesha wanafunzi mia tatu.

Wakati huo Baghdad ilikuwa mji wa mabishano. Walikuwako wanafalsafa waliofuata vitabu vya Wayunani kupitia kwa al-Farabi na Ibn Sina. Walikuwako watu wa ilmulkalamu. Walikuwako masufi. Na lilikuwako kundi la Batini, ambalo lilifundisha kuwa akili za watu haziaminiki. Hoja yao, ukiifupisha, ilikuwa hii: watazame wenye akili, kila mmoja amefika pake, na lau akili ingekuwa njia moja wasingetofautiana, basi hapana budi awepo mwalimu mmoja asiyekosea, na watu wote wamfuate yeye. Mambo hayo ni ya karne ya 11 na siyaleti hapa kumchoma jirani yeyote wa leo. Nayaleta kwa sababu hoja ile mwanzo wake ni lile neno langu la barazani. Ukishasema kuwa kila mtu na mantiki yake, kinachobaki cha kuamua baina ya watu ni cheo, au wingi, au nguvu.

Na kulikuwa na kesi nyingine ya zamani kidogo, ambayo kila msomi wa Baghdad aliijua. Katika karne ya 10, mwananahau Abu Said as-Sirafi alibishana mbele ya waziri na Abu Bishr Matta, mfasiri na mwalimu wa mantiki. Matta alidai kuwa mantiki ni chombo cha kupambanua maneno ya kweli na ya uongo, na kwamba ni cha watu wote kama vile nne na nne ni nane kwa kila taifa. As-Sirafi akamkabili: mantiki hiyo aliitunga Myunani kwa lugha ya Wayunani, basi vipi iwalazimu Waturuki, Wahindi, Waajemi na Waarabu? Siku ile as-Sirafi ndiye aliyehesabiwa kuwa mshindi. Basi suala lilikuwa wazi sokoni: mantiki ni ya nani?

MAJINA YA VITABU VYAKE

Ghazali aliamua kutowakataa wanafalsafa kabla ya kuwafahamu. Alisoma vitabu vyao peke yake, katika nafasi alizopata baina ya kusomesha na kuandika, muda usiotimia miaka miwili, kisha akakaa karibu mwaka mmoja akivitafakari. Aliandika kitabu cha kueleza makusudio yao, na mwaka 488 Hijria (1095) akamaliza kile maarufu cha kuonyesha mparaganyiko wao, Tahafut al-Falasifa, ambamo alijadili masuala 20 na katika matatu akawahukumu kuwa wametoka katika dini.

Watu wengi husikia hayo wakadhani kuwa Ghazali alikuwa adui wa mantiki. Sivyo kabisa. Alichowalaumu wanafalsafa ni kwamba masharti ya hoja waliyoyaandika wao wenyewe, walipofika kwenye elimu ya mambo ya Mungu hawakuyatimiza. Yaani mizani yao hakuilaumu, bali alilaumu walivyoitumia. Na alisema wazi kuwa mantiki haina uhusiano na dini kwa kukanusha wala kwa kuthibitisha. Ni elimu ya kuchunguza njia za dalili, masharti yake, na namna ya kuzipanga. Tena akaonya juu ya rafiki mjinga wa Uislamu, ambaye hudhani kuwa anainusuru dini kwa kukataa hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi. Mtu aliyezihakiki hesabu zile akiambiwa kuwa dini inazipinga, hatazitilia shaka hesabu, ataitilia shaka dini. Madhara ya mtetezi kama huyo, kwa Imamu, yazidi ya adui.

Hebu yatazame, ndugu msomaji, majina ya vitabu vyake vya fani hii. Kimoja ni Miyar al-Ilm, yaani kipimo cha elimu. Kingine ni Mihakk an-Nadhar, na mihakk ni lile jiwe ambalo masonara husugulia dhahabu kujua kama ni safi. Cha tatu ni al-Qistas al-Mustaqim, mizani iliyonyoka, jina alilolichukua katika Qurani tukufu. Yote matatu ni vyombo vya sokoni. Mwana wa msokota sufi hakuisahau biashara. Naye alijua kuwa hakuna jiwe la sonara linalompendelea sonara.

Katika hicho cha tatu, Imamu amejieleza akizungumza na mtu mmoja wa lile kundi la Batini, naye anamjibu kuwa dawa ya hitilafu ni mizani, na kwamba mizani hiyo imo ndani ya Qurani yenyewe. Akatoa mfano wa Nabii Ibrahim (A.S.) alipoutazama mwezi unatua. Mwezi hutua, Mungu hatui, basi mwezi si Mungu. Hapo pana maneno mawili yaliyotangulia na moja lililozaliwa nayo, ambalo wasomi huliita natija. Ukiyakubali mawili ya kwanza, la tatu huna njia ya kulikimbia, uwe Mwarabu, uwe Myunani, uwe mvuvi wa Vanga. Majina ya Kiyunani Imamu akayaacha, akaweka yake, kwa kuwa alijua watu hulikimbia neno kwa sababu ya jina. Hilo ndilo jibu lake kwa mtu kama as-Sirafi, ingawa hakumtaja: lugha ni nguo ya mantiki, na nguo hubadilishwa.

Nami niongeze mfano wetu. Mtu akisema kuwa kila papa ni samaki, na changu ni samaki, basi changu ni papa, hata mtoto wa Kibokoni atacheka. Lakini mtu huyo huyo barazani atasema kuwa wanafiki wote husema hivi, na fulani amesema hivi, basi fulani ni mnafiki, na watu wazima watatikisa vichwa kwa kukubali. Umbo ni lile lile. La kwanza tumelicheka kwa kuwa hatuna chuki na changu.

MIEZI MIWILI YA GIZA

Sasa tuje kwenye jambo lililomtia Imamu Ghazali katika mtihani. Katika kitabu alichokiandika kusimulia safari ya nafsi yake, al-Munqidh, ameeleza kuwa alitaka kujua elimu ya yakini ni ipi. Akatoa mfano mzuri. Yeye ajua kuwa kumi ni nyingi kuliko tatu. Lau angetokea mtu akakataa, akasema kuwa tatu ndizo nyingi, na ushahidi wake ni kuigeuza fimbo kuwa nyoka, kisha akaigeuza kweli mbele ya macho yake, Imamu asema angeustaajabia uwezo wa mtu yule, lakini kumi zingebaki kuwa nyingi kuliko tatu. Elimu isiyofika daraja hiyo si yakini.

Basi akaanza kuzipima elimu zake kwa kipimo hicho. Kwanza hisia. Jicho hukitazama kivuli likasema kimesimama, kumbe kinakwenda. Jicho huiona nyota ni ndogo kama dinari, kumbe hesabu zathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Ikawa hisia zimeshindwa, na aliyezihukumu ni akili. Ndipo likamjia swali la kutisha. Ikiwa macho yaliaminiwa mpaka akili ilipokuja kuyakadhibisha, nani ajuaye kuwa nyuma ya akili hapana hakimu mwingine ambaye akitokea ataikadhibisha akili? Je, mtu aliyelala haamini ndotoni mambo ambayo akiamka hujua hayana asili?

Swali hilo, msomaji, halina mchezo. Ukitaka kulijibu kwa hoja, itakubidi utumie akili, na akili ndiyo iliyoshitakiwa. Huwezi kuipima mizani kwa mizani ile ile. Imamu asema alikaa katika ugonjwa huo karibu miezi miwili, hali ya nje ni mwalimu, na hali ya ndani ni mtu asiyeamini hata kumi na tatu. Kisha Mwenyezi Mungu akamponya. Na hakuponywa kwa dalili iliyopangwa wala maneno yaliyotungwa, bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Mambo ya msingi ya akili yakarudi kuaminika.

Wako wasomi wa leo wanaosema kuwa hapo Ghazali alikiri kwamba mantiki yategemea moyo wa mtu. Mimi sioni hivyo. Kilichotegemea moyo wake ni kuiamini mizani, si usawa wa mizani. Mtu akipatwa na kizunguzungu huiona nyumba inazunguka, na akipona huiona imetulia. Nyumba haikuwa imezunguka hata siku moja. Ila hapo pana unyenyekevu wa kujifunza. Hata yule mwenye hoja kali kuliko wote Baghdad hakujipa mwenyewe ile akili ya kuhojia. Alipewa, ikatikiswa, akarudishiwa.

MIZANI ILIPOMGEUKIA

Jambo zito kuliko hilo lilimfika Baghdad mwaka 488 Hijria (1095), alipokuwa kileleni mwa sifa. Ghazali aliyezoea kuwapima wengine alijipima mwenyewe. Aliitazama kazi yake ya kusomesha akajiuliza nia yake, akaona haikuwa safi kwa ajili ya Mungu, bali kilichomsukuma kilikuwa cheo na kuenea kwa jina. Likarudi lile neno la elimu na tumbo.

Hoja ilikuwa fupi na haina tundu, lakini miguu haikwenda. Asema kuwa kwa muda wa miezi karibu sita, kuanzia Rajabu, alikuwa akinuia asubuhi kuondoka na jioni akavunja nia. Dunia ikimvuta kwa minyororo yake, na imani ikimwita asafiri. Mwisho ulimi wake ukafungwa. Alitaka kuwasomesha wanafunzi wake siku moja tu ili kuwaridhisha, asiweze kutamka neno. Huzuni ikamshuka moyoni, akawa hasagi chakula, hata supu haikuteremka. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ni jambo lililoshuka moyoni na likaenea mwilini.

Katika mwezi wa Mfungopili, Dhulqaada, Novemba 1095, akaondoka. Aligawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto. Akatangaza kuwa aenda Makka, kumbe nia yake ni Sham, ili khalifa na marafiki wasimzuie. Alikaa Damascus, akijifungia mnarani mwa msikiti mkuu, kisha akaenda Baytul Muqaddas, akazuru kaburi la Nabii Ibrahim (A.S.), akahiji. Baadaye akarudi kwao Tus. Upweke wake huo ulidumu miaka kama kumi na moja, na ndimo alimoandika Ihyaa.

Hapo ndipo alipofahamu mpaka wa mantiki. Kujua maana ya afya na sababu zake ni jambo moja, na kuwa na afya ni jingine. Tabibu mgonjwa ajua yote juu ya afya, lakini hana. Mizani itakuambia uzito wa tende, haitakuambia utamu wake. Hata hivyo, angalia jambo hili ambalo wengi hulisahau: baada ya usufi wote ule hakuitupa mizani. Mwaka 499 Hijria (1106) alirudi kusomesha huko Nishapur, na mwaka 503 (1109) akamaliza kitabu chake kikubwa cha usuli wa fikihi, al-Mustasfa. Mwanzo wake aliweka utangulizi wa mantiki, akasema kuwa asiyeizunguka elimu hii hana elimu ya kuaminiwa. Mtu aliyekwisha onja bado alipima.

Alifariki Tus tarehe 14 Jamadil Akhir 505, sawa na 18 Desemba 1111. Husimuliwa kutoka kwa ndugu yake Ahmad kuwa asubuhi ile alitawadha akasali, akaitisha sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, akanyoosha miguu kuelekea kibla, akafa kabla jua halijachomoza.

Si wote waliomkubali katika jambo la mantiki. Ibn as-Salah, aliyefariki 643 Hijria (1245), alitoa fatwa ya kuiharamisha. Ibn Taymiya, aliyefariki 728 (1328), aliiandikia kitabu kizima cha kuijibu, akiona kuwa mwerevu haihitaji na mpumbavu haimfai, na kwamba Mungu amewaumba watu na uwezo wa kutoa hoja bila ya kuwangoja Wayunani. Lakini hata yeye, ukimsoma vizuri, hakusema kuwa kila mtu ana mantiki yake. Alisema mizani ya Wayunani ina kasoro na mizani ya kweli ni nyingine. Anayesema hivyo ameshakubali kuwa mizani ya kweli iko. Na madrasa nyingi, Azhar mojawapo, ziliendelea kusomesha mantiki karne baada ya karne.

KURUDI UKUTANI

Basi nirudi kwenye ukuta wetu. Siku chache baada ya ile baraza nilimwendea kaka yangu kwake. Sikwenda kubishana. Nilimwomba tufanye kama baba, tubadilishane vitanga: mimi niitoe hoja yake kwa ulimi wangu, naye aitoe yangu kwa wake.

Yangu ilikuwa hivi: mwezi huandama kwa watu wa nchi wanapouona, kwetu haukuonekana, basi kwetu haujaandama. Yake ilikuwa hivi: mwezi ukionwa na Waislamu waaminifu popote, huwalazimu Waislamu wote, huko ulionwa, basi umetulazimu. Tulipozipanga hivyo tulitazamana. Hoja zote mbili zilikuwa zimenyooka. Hakuna aliyesema changu ni papa. Hatukuwa na mantiki mbili hata kidogo. Tulikuwa na mantiki moja, na tumetofautiana katika neno la kwanza tu. Na neno hilo la kwanza ni hitilafu ya wanazuoni tangu kale, wenye kujua kuliko sisi, kila upande una ushahidi wake wa kuuleta na kupimwa.

Kwa hiyo neno langu la barazani lilikuwa kosa, na lilikuwa kosa lenye dharau ndani yake. Nilipomwambia kaka yangu kuwa ana mantiki yake, nilikuwa namwambia kwa adabu kuwa sina haja ya kumsikiliza. Mtu mwenye mizani yake peke yake hazungumzwi naye, huachwa. Afadhali mara mia ningemwambia amekosea, kwani hapo angalau tungekuwa duka moja.

Hatukukubaliana juu ya mwezi. Mwaka uliofuata tulifungua tena siku mbili, na huenda tutafanya hivyo mpaka mmoja wetu azikwe. Lakini siku yake yeye, baada ya mimi kufuturu, mwanawe aligonga mlango na sinia la pilau limefunikwa kawa. Kesho yake nikarudisha sinia, nalo halikurudi tupu. Yule mzee wa barazani nilipomsimulia hakusema kitu. Alichukua kikombe chake, akakinyoosha kwa muuza kahawa, kijazwe tena.

Wallahu aalam.